Taa Tatu Juu ya Pazia la Harusi

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Udi ulikuwa bado haujachomwa na mbuzi walikuwa bado hai. Harufu yenyewe ilikuwa ya lami inayoungua ndani ya ghala lililozibwa madirisha, na mimi nimesimama juu ya ngazi, bisibisi mkononi, nikitabasamu kama zuzu. Mpaka leo wakitia lami barabara ya hapa mjini, nyanya yako hunitazama kisha huziba mdomo kwa ushungi asicheke mbele ya wageni.

Jana uliniambia umepata kazi ya kufunga taa za sola kwenye zahanati huko Kutulo, na gari linaondoka Jumamosi. Nilifurahi, wallahi, nilifurahi mpaka nikasahau dawa yangu ya presha. Halafu nikakusikia ukimwambia mwenzako kwenye simu, "Watu wa huko hawajui kitu, sisi ndio tutawaonyesha mwanga." Usinune, Ifrah. Sikuwa nakutegea sikio, ni wewe unayepiga simu kama unaita ngamia. Lakini neno lile mimi nililisema kabla yako, hapa hapa Garissa, na karibu linikoseshe mke. Na ningemkosa huyo mke, wewe usingekuwepo leo wa kuninunia. Kaa basi. Chai iko kwenye chupa, mimina ya kwako na ya kwangu, yangu sukari nyingi, na usimwambie ayeeyo, nyanya yako.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta. Sitaki kukusimulia vita, umesoma shuleni na mengine utayasikia kwa wengine. Wewe jua hivi tu: mtu alikuwa na hofu ya shifta walio msituni na hofu ya askari walio barabarani, zote kwa wakati mmoja. Kulikuwa na kafiyu. Jua likizama uko ndani. Magari ya kutoka Nairobi yalikuja kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na watu kumi wakikusanyika mahali bila kibali waliulizwa wanapanga nini. Watu walioana hata hivyo. Mimi nadhani mwaka ule walioana zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba yangu alikuwa mfugaji wa ngamia upande wa Hadado, na mimi nilikulia kwenye visima kabla hajanipeleka shule. Kutoka shule nikaenda Nairobi kujifunza ufundi wa stima, nikapata cheti. Hicho cheti, mwanangu! Nilikibeba kwenye mfuko wa shati, nacho kilikuwa kikubwa kuliko mfuko, kwa hiyo nusu yake ilikuwa nje kila mtu aione. Nilirudi Garissa kuoa. Nilikuwa nimemposa Dahabo, binti wa Haji Nur, mfanyabiashara wa ngozi na samli, na Haji Nur alikuwa amekubali.

Tatizo lilikuwa mahali pa harusi. Uwanjani hatukuruhusiwa. Afisa aliyetoa kibali alisema tukutane ndani ya ghala la Haji, Alhamisi, mchana, tumalize kabla ya saa kumi, na akaweka sharti moja: mle ndani pawe na mwanga wa kutosha ili sajenti atakayesimama mlangoni amwone kila mtu na mikono yake. Ghala lenyewe lilikuwa giza totoro hata saa sita mchana, kwa sababu madirisha yote Haji aliyaziba kwa mabati kuogopa risasi. Karabai hakutaka kuisikia. Ngozi zake ziliwahi kushika moto kwa karabai. Alikuwa na mashine yake ya stima, injini kuukuu yenye dainamo, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja wa barabara aliyekuwa anahama. Iliwasha globu tatu kubwa. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, unatosha kuhesabu ngozi, lakini kwa sharti la afisa haukutosha.

"Haji, usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Mimi nakuletea mwanga wa Nairobi."

Nikaleta taa za tyubu, zile ndefu nyeupe, nne, pamoja na choki zake, vile visanduku vizito vya kuizuia stima isizidi, na stata za kuziwashia. Safari nzima kwenye lori la msafara nilizipakata kwenye godoro kama mtoto mchanga. Askari mmoja akaniuliza kama ni bunduki, nikafungua godoro, akaona, akacheka, akasema sherehe yangu itakuwa kama hospitali. Nilimwona mshamba.

Nilifika Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo nikapanda ngazi, nikazitoa zile globu tatu za Haji, nikazigawa. Nasema nikazigawa! Moja nilimpa mwenye mkahawa, nikimwambia aitundike kama pambo. Ya pili nilimpa mama mmoja mshonaji, mtu wa bara, aliyeshona nguo za askari. Ya tatu nilimpelekea Dahabo kupitia kwa shangazi yake, na ujumbe: hii ni takataka ya zamani, mimi nakuletea mwanga mpya. Nilidhani ni maneno ya mapenzi.

Jumapili adhuhuri nilikuwa nafunga tyubu ya kwanza aliposimama mlangoni Mzee Mutisya. Huyu alikuwa Mkamba, fundi wa pampu ya maji pale mtoni, mtu mfupi, kimya, ametoka kanisani na koti lake la Jumapili. Haji alikuwa anamwita kila injini inapokohoa. Wawili hawa walikuwa marafiki siku ambazo urafiki wa namna hiyo watu waliutazama kwa jicho baya, kutoka pande zote.

Mutisya alinitazama nikifunga waya, akaitazama injini, akanitazama tena. "Kijana," akasema, "umeuliza hii mashine inatoa stima ya namna gani?"

"Stima ni stima, mzee," nikamjibu. "Mimi nina cheti." Nikakigusa pale mfukoni, la haula.

Mzee alivuta debe akakaa. Sasa ninapokumbuka, naona alikaa mbali na ngazi.

Haji Nur akaja, amevaa kofia yake nyeupe ya kutoka Makka aliyoiweka kwa ajili ya harusi, akasimama chini yangu kabisa aone maajabu. Nikamwambia kijana wa dukani awashe injini. Nikabonyeza swichi. Tyubu ikawaka ncha zote mbili, nyekundu, kisha nyeupe, nyeupe kali ya kuumiza macho, na mimi juu ya ngazi nikapaza sauti, "Si mnaona!"

Waliona. Choki ilianza kutoa moshi. Ndani ya choki za wakati ule kulikuwa na lami, na lami ile ikayeyuka, ikaanza kudondoka. Tone la kwanza lilianguka katikati ya kofia ya Makka. La pili pia. Nikavuta waya kwa pupa, ngazi ikayumba, tyubu ikachomoka kwenye vishikio vyake ikaanguka kwenye saruji. Hujawahi kusikia tyubu ikipasuka ndani ya nyumba ya mabati. Paaa! Ni bunduki kabisa.

Hatukumaliza hata kusema subhanallah, askari wawili na sajenti wao walikuwa ndani, bunduki zimetutazama. Kijana wa dukani alishalala chini ya ngozi. Mimi mikono juu, bisibisi bado nimeishika. Siku zile mtu aliweza kufa kwa kelele ndogo kuliko ile, na hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilikuwa nimewaweka wenzangu mbele ya mtutu kwa ajili ya kuringa.

"Nani amepiga bunduki?" sajenti akauliza.

Mutisya ndiye aliyeinuka, taratibu, mikono ionekane. "Afande, ni taa tu imekufa. Vioo hivi hapa. Huyu kijana anaoa Alhamisi, akili yake haiko nyumbani."

Sajenti akatazama vioo. Akatazama kofia ya Haji, lami inamtiririkia hadi kwenye nyusi. Niliona mdomo wake ukicheza, lakini alijikaza. "Alhamisi mimi ndiye nitakuwa mlangoni," akasema. "Nikikuta giza humu, hakuna harusi. Nafunga, kila mtu kwake." Wakatoka.

Haji Nur akamgeukia Mutisya. Kiswahili cha Haji kilikuwa cha sokoni, hakijawahi kukutana na shule, na p kwake ilikuwa b. "Mutisya," akasema, "hii kijana nakuja bosa mtoto yangu ama nakuja choma ghala yangu?" Kisha akaketi juu ya mzigo wa ngozi na kuanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikuwa na hata tone la kicheko.

Alipotulia aliniita kwa Kisomali, sauti ya chini. "Abdi, ulipokuwa unachunga ngamia wa baba yako, mkifika kisima msichokijua, ulifanya nini kwanza?"

"Nilimsalimu mwenye kisima, adeer," nikamjibu, nikimwita ami kwa heshima.

"Halafu?"

"Nilimuuliza maji yake yakoje. Halafu nikaonja."

"Kwa nini uonje, maji si maji?"

Wewe umekulia kwenye bomba, mwanangu, hujui. Visima vyetu havifanani. Kimoja maji matamu, cha pili chumvi, cha tatu chungu. Ngamia aliyezoea maji matamu ukimjaza ghafla maji machungu, anaharisha, analala, unampoteza. Kwa hiyo hata mtoto wa miaka saba hatumbukizi ndoo kwenye kisima cha watu kabla hajauliza na kuonja. Mimi nililijua hilo kabla sijajua kuandika jina langu. Na kwenye stima sikuuliza wala sikuonja, na mwenye kisima alikuwa amekaa kwenye debe, ameniuliza yeye mwenyewe.

"Mimi sikudai mwanga wa Nairobi," Haji akasema. "Lakini umeshaniahidi, na watu nimeshawaalika. Kamwombe radhi yule mzee."

Nilikwenda. Kukiri kosa mbele ya mtu mzima ni kugumu, sikufichi. Nilimkuta Mutisya nje ananawa mikono. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nifundishe." Akaipangusa mikono kwa leso yake ya kanisani, akanirudisha kwenye injini.

Akaniuliza, "Choki ya Nairobi ikiwaka, inafanya sauti gani?"

"Inaguna."

"Hii yako iliguna?"

Nikafikiri. Haikuguna. Ilinyamaza kimya mpaka ikaanza moshi.

"Basi ilikuwa inakuambia," akasema.

Akanieleza, na mpaka leo sijasikia mtu akieleza vizuri kuliko yeye, naye cheti hakuwa nacho. Stima ya Nairobi inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, upesi mno kwa jicho. Choki inafanya kazi kwenye ule mgeuko. Kila stima inapotaka kugeuka, choki inaivuta shati. Stima ya dainamo ya Haji yenyewe inakwenda njia moja, haigeuki. Mafundi wanaiita DC, na siku zile ulipotaja DC watu walitazama nyuma kuona kama bwana mkubwa wa wilaya anakuja. Kwa stima hiyo choki haina cha kuvuta. Inakuwa waya tu. Na tyubu ina tabia moja mbaya: ikishawaka haijui kushiba, inakunywa na kuongeza mpaka kitu kingine kiizuie. Kama choki haizuii, inakunywa hadi ife.

"Sasa nani ataizuia?" nikauliza.

Mutisya akatazama juu, pale penye vishikio vitupu. "Globu," akasema. "Stima ipite kwanza kwenye globu kubwa, halafu kwenye choki, halafu kwenye tyubu. Globu itakula nusu, tyubu itapata kiasi chake. Globu ile ile haijali stima inakwenda njia moja au mbili, yeye ni kupata moto tu. Tyubu tatu, globu tatu. Si zilikuwa hapa, zile tatu? Ziko wapi?"

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu nilizunguka mji mzima kuomba takataka zangu. Mwenye mkahawa alikuwa ameitundika ya kwake juu ya kaunta kwa uzi mwekundu, wateja wanaisifu ijapokuwa mkahawa hauna stima. Alinitazama, akasema kitu kikishatolewa kimetolewa. Niliosha vikombe vyake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mimi mwenye cheti, ndipo akaishusha. Mama mshonaji alikuwa ameitia ya kwake ndani ya soksi ya askari. Aliona ina umbo zuri la kisigino, kwa hiyo ilimsaidia kuziba matundu. Akaniambia, "Subiri nimalize, zimebaki jozi sita." Nikakaa nikamtungia uzi kwenye sindano, soksi sita za kulia na sita za kushoto.

Ya tatu ndiyo niliyoiogopa. Nilisimama mlangoni kwa kina Dahabo, shangazi yake akiwa katikati yetu kama mlinzi wa benki, nikasema, "Ile globu niliyokuletea... naiomba."

Nikasikia sanduku likifunguliwa. Akatoka na kifurushi cha pamba, akakifunua, globu imo ndani inang'aa, ameifuta vumbi.

"Niliiita takataka," nikamwambia, "wewe ukaiweka kwenye pamba?"

"Wewe ndiye uliyeiita takataka," Dahabo akasema. "Mimi nilijisemea, huyu mwanamume anatupa cha zamani kabla hajajaribu kipya, basi mkewe itabidi awe na sanduku." Na akarudi ndani. Shangazi alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi nilitembea kurudi ghalani nikiwa nampenda nyanya yako kuliko nilivyompenda siku ya posa, naye hajui. Labda anajua. Ukuta huu ni mwembamba.

Jumanne na Jumatano tulifanya kazi, Mutisya na mimi, kila alipomaliza zamu ya pampu. Safari hii kila waya niliuliza kwanza. Tulizifunga tyubu tatu katikati ya ghala, zikikingama juu ya kamba ya pazia litakalotenga wanaume na wanawake, ili kila tyubu nusu yake imulike upande huu na nusu upande ule. Tukawasha. Globu zikawaka wekundu wa upole, tyubu zikapepesa mara mbili tatu, kisha zikatulia. Mwanga mweupe, umetulia tuli, hata kule kucheza kidogo kwa taa za Nairobi hakuna. Haji Nur akanyoosha mikono yake akaitazama kama ameletewa mipya.

Nikataka kuondoka, Mutisya akanizuia. "Ziache ziwake. Kaa utazame." Tukakaa saa kadhaa. Polepole niliona upande mmoja wa kila tyubu unafifia. Nikaruka nishike bisibisi. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ndani ya tyubu, akasema, kuna zebaki kidogo, na stima inayokwenda njia moja tu inaisukuma ile zebaki hadi inarundikana upande mmoja. Mwingine unabaki na njaa, unaingia giza. Dawa yake ni kugeuza nyaya: iliyokuwa inaingilia huku iingilie kule. Akanifungia swichi ya zamani yenye mpini mkubwa, ukiuweka juu stima inapita hivi, ukiushusha inapita vile. "Lakini ukigeuza," akasema, "taa zitazimika kwanza. Kidogo tu."

Taa zitazimika. Na sajenti amesema akiona giza anafunga.

Alhamisi ilifika. Loo, siku ile! Tuliwasha taa tangu alfajiri kwa ajili ya wapishi na wapambaji. Mbuzi walichinjwa, bariis, wali wetu wa viungo, ilinukia hadi kizuizini kwa askari, halwa ikakatwa. Haji Nur alivaa ile ile kofia ya Makka, doa jeusi katikati, akakataa kabisa kuvaa nyingine. Kila aliyemuuliza alimwambia, "Hiyo ni muhuri ya bwana harusi." Sheikh akasoma, nikakubali, nikawa mume wa mtu. Upande wa pili wa pazia wanawake walipiga vigelegele na kuanza buraambur, mashairi yao ya harusi, wakinisifu mimi kwa mambo ambayo sikuyafanya, na mengine niliyoyafanya wakiyasema kwa mafumbo. Nilisikia neno lami mara mbili.

Saa saba hivi nyimbo zikapungua. Nikasikia minong'ono. Shangazi wa Dahabo akatoa kichwa kwenye pazia akasema kwa hasira, "Nyinyi wanaume mmekaa kwenye mchana na sisi mmetuweka magharibi! Bibi harusi haonekani uso!"

Nikatazama juu. Kweli. Upande wetu unang'aa, upande wao umefifia. Mpini wa swichi ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Yule Abdi wa Jumamosi angeruka akaugeuza, na kungekuwa na giza, na mlangoni kulikuwa na mtu mwenye bunduki, kidole karibu na kifyatulio, amechoka, mbali na kwao, naye ana hofu kama sisi.

Niliinuka nikaenda mlangoni. Nikamsalimu sajenti. Nikamwambia, "Afande, wewe ndiye mwenye mlango. Nataka kukuuliza kabla sijafanya." Nikamweleza zebaki, upande wenye njaa, mpini, na giza kidogo la kuhesabu mpaka kumi. Alisikiliza bila kupepesa jicho. Kisha akasema, "Na kama haziwaki tena?"

"Basi utafunga," nikasema, "na mimi nitakuwa nimemkosea mke wangu siku ya kwanza."

Akatazama ndani, watu wote wamemgeukia. "Nionyeshe huo mpini," akasema. "Nitageuza mwenyewe."

Nikatangaza kwa Kisomali, Haji akatangaza kwa Kiswahili chake, kila mtu akae alipo, mikono magotini, na tuhesabu pamoja. Sajenti akapitisha bunduki begani, akashika mpini, akaushusha. Giza. Watu mia ndani ya giza, mwanangu, wakati ule! Moja, tukahesabu. Mbili. Kwa Kisomali, kwa Kiswahili, Mutisya nilimsikia anahesabu kwa Kikamba. Tatu. Nne. Tyubu ikapepesa, ikazima. Tano. Ikapepesa tena. Sita, na zote tatu zikawaka kwa pamoja, na safari hii upande wa pili wa pazia ndio uliong'aa, na sauti iliyotoka kule kwa wanawake sijaisikia tena mahali popote. Walipiga vigelegele kwa ajili ya sajenti. Walimtungia beti hapo hapo, mwenye mkono unaogawa mchana. Haji alipomtafsiria, kijana wa watu aliinamisha kofia ikamfunika macho. Alikula bariis amesimama mlangoni, sahani mbili. Saa kumi kasoro tulikuwa tumemaliza, naye akatuaga kwa mkono, mmoja mmoja.

Haya, chai imepoa, na wewe umeacha kununa.

Ninalotaka kukuambia ni hili, Ifrah. Huko Kutulo utaikuta stima yako ya sola inakwenda njia moja, kama ya Haji, na taa zenu za sasa zina vidude vyao, hayo utayajua kuliko mimi. Lakini ukifika, usipande ngazi siku ya kwanza. Kaa na nesi wa zahanati, kaa na wazee, kaa na yule mtu anayekaa kwenye debe bila kusema. Waulize taa gani ilikuwepo, iliharibika lini, nani aliitengeneza. Mwanga unao, sikatai. Ila onja maji yao kwanza. Na ukikuta kitu cha zamani ukutani usikitupe haraka, huenda ndicho kitakachobeba kipya chako. Ukikosea, maana utakosea, wewe ni damu yangu, kaombe radhi siku hiyo hiyo kabla haijalala. Na Mungu akikupa nyumba yako, uwe na macho ya kutazama upande upi umefifia. Mimi na ayeeyo yako tumegeuza mpini ule miaka yote hii, mara kwangu, mara kwake, na kila mara giza lake ni la kuhesabu mpaka sita tu.

Mzee Mutisya alihamishwa kurudi kwao, na tuliandikiana mpaka alipofariki. Kwenye kila barua aliuliza, choki inaguna?

Sasa nenda chumbani kwa ayeeyo, amekuwekea kitu. Ndiyo, kwenye pamba. Globu ya tatu. Mji ulipopata stima yake aliiomba tena kutoka ghalani, akairudisha sandukuni. Ilikuwa inakula nusu ya nguvu yake tu, kwa hiyo uzi wake haujakatika hadi leo. Usiifunge kwenye sola yako, haitawaka. Iweke tu mahali utakapoiona kabla ya kupanda ngazi.

Allah akutangulie njia yote mpaka Kutulo na akurudishe mzima. Akupe mikono mepesi na ulimi wa kuuliza. Akukutanishe na watu wema barabarani na mlangoni, wenye bunduki na wasio nayo. Na nyumba yoyote utakayoiwashia taa, wapate kicheko ndani yake kama tulivyopata sisi siku ile. Amin. Haya inuka, na umletee babu yako sukari.